KIJANA, HILO JINA LA BIASHARA NI LAKO KWELI?

SIKU hizi kila kijana ana chupa yake. Mmoja ana achari, mwingine pilipili ya kusaga, yule siagi ya karanga, huyu unga wa muhogo kwenye pakiti inayong'aa. Pita Janga, pita Mlandizi, shuka Soga au vuka hadi Kisarawe, utawakuta. Lebo imechorwa kwenye simu, jina linavutia, picha ziko Instagram na wateja wa Kariakoo wameanza kuulizia. Mambo si mabaya.

Sasa swali la kizushi: hilo jina lililobandikwa kwenye chupa ni la nani?

"Langu!" utajibu, mkono kifuani. Umelitunga mwenyewe usiku wa manane, umelisajili BRELA, leseni ya halmashauri iko ukutani na TBS wamekukubali. Hongera sana. Lakini pamoja na karatasi zote hizo, jina linaweza kuwa bado halijawa lako. Usinune, twende taratibu.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa changa la macho, tena wanajipiga wenyewe. Ukisajili jina la biashara, serikali inajua nani yuko nyuma ya duka lile. Leseni inakuruhusu kufanya biashara. Alama ya TBS inamwambia mlaji kwamba bidhaa imefikia kiwango. Zote ni muhimu, lakini hakuna hata moja inayokupa haki ya kumzuia jirani asibandike jina lako kwenye chupa yake.

Inayofanya kazi hiyo ni alama ya biashara. Hiyo ni jina, mchoro au vyote viwili, vilivyosajiliwa kwa ajili ya bidhaa fulani chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Msajili ni huyo huyo BRELA, ila dirisha ni lingine na cheti ni kingine. Mtu anaondoka na cheti cha jina la biashara, anatembea kifua mbele, kumbe kile cha alama hajakigusa.

Na sheria yetu haibembelezi: haki ya kutumia alama peke yako inapatikana kwa kuisajili. Tuseme umeuza pilipili yako miaka mitatu. Anatokea mjanja mmoja mwenye mashine kubwa na mtaji wa kutosha, analipenda jina, anakimbia kulisajili. Siku ya siku unapigiwa simu: "Dada, samahani, hilo jina lina mwenyewe." Njia za kulalamika zipo, tena zinakubalika. Lakini utalalamika kwa wakili, kwa nauli, kwa risiti za zamani na mashahidi. Huo mtaji wa kugombana, mtu wa chupa hamsini kwa wiki autoe wapi?

WENZETU WANALIPIANA

Ulaya nako kuna mama wa jamu na kijana wa sabuni, na shida yao ni hii hii: biashara ndogo inaona usajili ni anasa ya wakubwa. Dawa waliyotafuta ni fedha. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya, kupitia ofisi yake ya miliki ubunifu iliyoko Alicante, Hispania, ulianzisha mfuko wa kusaidia biashara ndogo na za kati kulipia ada.

Hesabu yake iko hivi. Kuomba alama ya biashara inayotambulika katika nchi zote 27 za Umoja huo ni euro 850 kwa kundi moja la bidhaa, ukiomba kwa mtandao. Kwa kiwango cha asilimia 75 ambacho mfuko umekuwa ukirudisha, mwenye biashara anarudishiwa euro 637 na nusu. Kinachomuuma mfukoni ni kama euro 212 tu.

Ila kuna masharti. Kwanza unaomba vocha, ukishaipata ndipo unalipa ada, kisha unarudishiwa. Aliyekimbilia kulipa kabla ya vocha imekula kwake. Na fungu lina mwisho wake: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa.

Kitu cha kuiga zaidi pale ni ushauri. Mfuko huo umekuwa ukilipia hata mtaalamu wa kukaa na mwenye biashara na kumchambulia ana mali gani ya ubunifu, ipi ilindwe na ipi iachwe. Wenzetu wamegundua kwamba hasara ya mtu mdogo huanza pale anapolipia kitu asichokihitaji na kuacha anachokihitaji.

KIKOI NUSURA KIENDE

Usidhani haya ni mambo ya wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili kule kwao neno "Kikoy". Ndiyo, kikoi hiki hiki cha babu zetu wa mwambao! Ingekubaliwa, mfumaji wa Kenya angeuza nguo yake Uingereza kwa kuogopa jina lake mwenyewe. Wakenya wakapiga kelele, shirika la biashara ya haki la Traidcraft likawasaidia, pingamizi likawekwa na ombi likaishia njiani mwaka 2008. Waliponea kwa sababu walisikia mapema.

Hapa kwetu tuna Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki mwaka 1972. Leo mtindo ule wa wanyama wenye rangi kali unauzwa kila penye watalii. Hakimiliki inalinda picha yenyewe, haikulindii mtindo. Mtu akiiga namna ya kuchora bila kunakili picha yako, huna cha kumfanya. Ndiyo maana kitu cha kushikilia ni jina na nembo. Hivyo vikisajiliwa vinamwambia mteja kipi kimetoka kwa nani.

ANZA NA CHA BEI NAFUU

Sasa wewe wa Janga huna vocha ya Alicante. Ufanyeje? Fuata mpangilio, maana kwa mwenye fedha kidogo mpangilio ndio mtaji.

Kwanza, funga mdomo. Hii ni bure kabisa. Kipimo cha viungo vya achari yako usimpe kila anayekusifia. Siri haihitaji cheti, inahitaji watu wachache. Kijana unayemwajiri mwandikishiane kwamba hataitoa.

Pili, mmalize mchoraji wa lebo. Muandikishiane kwamba umemlipa na kazi ni yako, kisha tunza mafaili ya mchoro. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapotengenezwa, lakini karatasi ya COSOTA itakusaidia siku ya ubishi.

Tatu, chagua jina linalosajilika. Jina la "Unga Bora" au "Pilipili Kali" ni sifa ya bidhaa, na sifa ni ya watu wote. Jina la mahali peke yake nalo lina kikwazo. Kisarawe haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Na wewe wa Janga uwe makini zaidi: mteja wa Mwanza asiyejua kata yenu akisoma "Chakula cha Janga" atakimbia!

Nne, kasajili alama. Unaomba kwa mtandao wa BRELA, wanakagua, inatangazwa, na watu wana siku 60 za kupinga. Ikipita unapewa cheti cha miaka 7, halafu unahuisha kila miaka 10. Bidhaa zimepangwa kwa makundi: achari kundi la 29, unga na sosi ya pilipili kundi la 30, juisi kundi la 32. Kila kundi lina ombi lake na ada yake, kwa hiyo anza na lile linalokulisha. Ada za serikali zinahesabika kwa maelfu ya shilingi, hazifiki mamilioni. Harusi moja ya rafiki inakutoa zaidi ya hapo. Na ukiwa na cheti, anayekughushi unaweza kumpeleka Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Tano, Zanzibar wana sheria na msajili wao. Cheti cha Bara hakivuki maji. Kama soko lako liko Darajani, weka hilo kwenye bajeti. Na ukiwaza nje ya nchi, mkataba wa Paris unakupa miezi 6 tangu ulipoomba hapa ili uombe kwingine ukiwa bado na foleni yako ya zamani.

Sita, kama umebuni mashine au njia mpya kabisa, huko ni kwenye hataza. Sheria yake ni: omba kwanza, onyesha baadaye. Ulaya ukishaonyesha hadharani kabla ya kuomba, upya umekwisha. Usikimbilie Sabasaba na mashine ambayo hujaiombea.

FEDHA INATOKA WAPI?

Mfuko maalumu kama wa Ulaya usiukae kusubiri. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudishwa 2024. Kikundi chenu kikiandika mchanganuo, ada ya alama iwe mstari mmoja pamoja na mashine na vifungashio. Wengi wanaisahau. SIDO nao wapo kwa ushauri.

Mnaobuni teknolojia, mtazameni Dk. Askwar Hilonga wa Arusha na kichujio chake cha maji, Nanofilter. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akaondoka na pauni 25,000. Mashindano yanaleta fedha, lakini pia yanaweka ubunifu wako mbele ya macho ya kila mtu. Nenda ukiwa umejifunga mkanda.

Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa Julai 2025, na treni ya umeme inapita Soga na Ruvu. Mizigo inapita mlangoni kwenu, na chupa ya Janga itafika mbali kuliko mwenyewe. Waigaji nao wanapanda treni hiyo hiyo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujachapa lebo elfu nyingine, ingia kwenye mtandao wa BRELA uangalie kama jina lako halijachukuliwa. Kama liko wazi, liwahi. Kazi kwako!