CHUMVI: MNUNUZI ASILIPIE MAJI

Mfanyabiashara anayenunua chumvi kwenye mashamba ya pwani, kutoka Bagamoyo hadi Saadani, huuziwa kwa uzito. Lakini ndani ya gunia mna chumvi na maji. Gunia likikauka, maji huondoka. Chumvi yenyewe haipungui. Hesabu yote inaanzia hapo.

Ndivyo inavyokuwa hata shambani. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha asilimia 3.5, yaani kilo 35 katika kila kilo 1,000. Ili yafikie asilimia 25, karibu na kiwango cha kuanza kuganda, uzito utakaobaki uwe x:

0.25x = 35; x = 140

Kwa hiyo kilo 860 za maji lazima zikaushwe na jua na upepo. Ndiyo maana masika huwa kikwazo kwa wazalishaji.

BEI

Chukua mfano: chumvi kavu, yenye maji asilimia 2, inauzwa shs. 196/- kwa kilo. Nyingine yenye maji asilimia 9 inauzwa shs. 190/-. Mnunuzi anaona nafuu ya shs. 6/- na kuchukua tani 3 kwa shs. 570,000/-.

Chumvi halisi humo ni kilo 2,730. Zikikauka hadi asilimia 2, uzito mpya uwe x:

0.98x = 2,730; x = 2,786 hivi

Akiuza kwa shs. 196/- anapata shs. 546,000/-. Hasara ni shs. 24,000/-, kabla ya nauli. Bei ya haki ilikuwa shs. 182/-.

KUCHANGANYA

Mwenye tani 4 za asilimia 2 ana mteja anayekubali asilimia 5. Anaweza kuongeza kilo ngapi za asilimia 9? Maji yanajumlishwa:

80 + 0.09x = 0.05(4,000 + x)
0.04x = 120; x = 3,000

Asilimia hazijumlishwi zenyewe. Kinachojumlishwa ni kilo za maji.

KIPIMO

Kabla ya kulipa, chukua gramu 100 kutoka magunia mbalimbali, zikaushe kwa moto mdogo mpaka uzito usipungue tena. Gramu zilizopungua ndizo asilimia ya maji. Mizani ndogo na jiko vinatosha kumpa mnunuzi hoja ya kupatana bei.