Kasindi: Akina mama wasio na nyumba walala kwa akina mama wenzao

Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, si rahisi kumkuta mama amelala kando ya barabara usiku pamoja na watoto wake. Mgeni anayeshuka kwenye lori la kutoka Beni anaweza kufikiri kwamba kila mtu hapa ana nyumba. Sivyo. Akina mama wasio na nyumba wapo, na ni wengi, ila wamo ndani ya nyumba za watu: sebuleni, jikoni, kwenye chumba cha kuwekea maharagi, wakitandika mkeka usiku na kuukunja kabla wenyeji hawajaamka.

Chanzo kinajulikana. Mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2021, vijiji vya Rwenzori kama Loselose, Mwenda na Halungupa vilishambuliwa na waasi wa ADF. Wakaaji walikimbilia Mutwanga, Bulongo, Nobili na Kasindi, wengine wakavuka mto Lubiriha hadi upande wa Uganda. Utawala wa kijeshi ulianza Kivu Kaskazini na Ituri mwezi Mei 2021, na mwezi Novemba mwaka uleule jeshi la Uganda likaingia kusaidiana na FARDC katika operesheni Shujaa. Hata hivyo, Jumapili tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste hapohapo Kasindi, wakati wa ubatizo, na kuua watu zaidi ya 10. Mji uliokuwa unapokea wakimbizi ukapata wajane wake wenyewe.

Goma ilijulikana kwa kambi kubwa kama Bulengo na Kanyaruchinya. Upande wa Beni na Butembo mambo ni tofauti: wengi wa waliohama vita wanapokelewa na familia. Siku za kwanza mama hufikia kanisani au kwenye darasa la shule. Darasa lazima liachwe wanafunzi wanaporudi, basi anatafuta ndugu, na kama hana ndugu, anatafuta mtu wa kijiji chake, au mtu anayesali naye kanisa moja. Chefu wa mtaa anaandika jina lake. Kuanzia hapo, anayebeba mzigo ni mama mwenye nyumba, kwa maana sufuria iliyopikiwa watu 6 sasa inapikiwa 13.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ni kwamba jembe bila shamba halisaidii. Mama aliyekimbia kutoka Rwenzori mara nyingi ana shamba lake la kakao, lakini liko kule alikokimbia. Uchungu huo ulizidi mwaka 2024, pale bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipopita dola 10.000 kwa tani, na wenye mashamba wakawa wanaogopa kwenda kuvuna. Kuna wanaojaribu kwenda asubuhi na kurudi kabla ya giza. Wengine wameuawa humohumo shambani. Aliyebaki mjini anafanya kibarua: kulimia watu, kuteka maji, kufua, kubeba mizigo midogo ya wafanyabiashara mpakani.

Kutoka kwenye mkeka wa watu hadi kwenye chumba cha kwake mwenyewe, ngazi anayoitumia mama ni likelemba. Akina mama 10 au 15 wanachanga kila juma au kila siku ya soko, na zamu ikifika mmoja anachukua pesa yote. Vipo pia vikundi vya AVEC, vyenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu ili asiwepo anayefungua peke yake. Pembeni huwekwa kamfuko ka msaada kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mwenye kipato kidogo huchanga pamoja na mwenzake kwa jina moja, wakagawana zamu. Hakuna mradi wa kigeni uliowafundisha akina mama kuchanga kwa jina moja. Ni hesabu ya watu waliozoea kukosa.

Pesa ya zamu ikipatikana, kizuizi kinachofuata ni garanti. Kasindi iko mwisho wa barabara ya taifa namba 4, kilomita 80 hivi kutoka Beni, na ni mlango wa bidhaa zinazotoka Mombasa. Wafanyabiashara, madereva na mawakala wa forodha wanatafuta vyumba hapohapo, na kodi inahesabiwa kwa dola. Mama anayeuza nyanya kwa franga au shilingi ya Uganda anashindana nao. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji wa nyumba za kuishi inaweka kikomo cha garanti kuwa miezi 3. Anayedaiwa zaidi ana haki ya kukataa, lakini aliye na watoto wanne na mvua inanyesha hana nguvu ya kubishana na mwenye nyumba, na ni wachache wanaojua kwamba sheria hiyo ipo.

Kuishi bila mlango wa kufunga kuna hatari nyingine, ambayo familia nyingi hazipendi kuitaja. Mama au binti anayelala kwa watu anaweza kushikwa kwa nguvu na mtu wa nyumba ile, au kupewa chumba na mwanaume anayedai malipo ya mwili. Hapo msaada wa majirani hautoshi, inabidi hospitali. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Butembo kuna hospitali ya FEPSI, shirika lililoanzishwa na wanawake. Beni kunafanya kazi SOFEPADI, shirika la Julienne Lusenge, mmoja wa waliopewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Kutoka Kasindi, kufika huko kunataka pesa ya pikipiki au ya gari, na barabara yenyewe imeshambuliwa mara nyingi. Ndiyo sababu nauli ni miongoni mwa mambo ambayo kamfuko ka kikundi kanaweza kulipia.

Si vita peke yake inayomtoa mama nyumbani. Yupo mjane ambaye hakufukuzwa na muasi bali na shemeji. Mume anazikwa, matanga yanaisha, na ndugu wa marehemu wanakuja kuuliza fishi ya parseli. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema wazi kwamba mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake. Tatizo ni ushahidi. Ndoa nyingi huku ziliishia kwenye mbuzi za mahari na baraka ya kanisa, bila kuandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia. Mbuzi zilipokelewa mbele ya ukoo mzima, lakini ukoo uleule ndio unaodai parseli. Mwanamke anayebaki na cheti cha ndoa, na jina lake likiwa kwenye karatasi ya parseli, ana pa kuanzia mbele ya hakimu. Gharama ya kuandikisha ndoa leo ni ndogo kuliko ya kesi kesho, na vikundi vya likelemba vingefanya vizuri kuichangia kama vinavyochangia msiba.

Liko jambo moja linaloleta manung'uniko kila mara msaada unapogawanywa. Orodha huandika majina ya waliohama. Mama aliyewapokea, ambaye unga wake uliisha tangu mwezi wa kwanza na watoto wake wanalala wanne kwenye kitanda kimoja, anakaa pembeni akiangalia magunia yanapita. Mara nyingine mgeni anaona haya na kumgawia nusu. Mara nyingine hamgawii, na usiku ule ule mabishano yanaanza jikoni. Kwa mtu anayegawa msaada, kuandika majina ya mwenyeji na mgeni kwenye karatasi moja si kazi ngumu. Chefu wa mtaa anayo majina yote mawili tayari.