Zawadi ya Gemu kwa Kijana wa Kipaimara: Tuichague kwa Kipimo Gani?

Katika mwaka kuna nyakati tatu ambapo kijana wa miaka 12 hadi 14 hutarajia zawadi kutoka kwa wakubwa wake: siku ya Kipaimara, sherehe ya Noeli, na matokeo ya mtihani wa darasa la saba. Zamani zawadi ilikuwa nguo, viatu, rozari au baiskeli. Siku hizi, kuanzia Bungu na Jaribu Mpakani hadi Kibiti mjini, Ikwiriri na vijiji vya delta ya Rufiji, kijana ana ombi jingine: anataka gemu. Anaweza kuomba simu janja, kishikwambi, au PlayStation iliyokwisha kutumika ambayo mjomba ataileta kutoka Kariakoo. Mzazi au msimamizi wa Kipaimara hubaki njia panda, kwa sababu anaombwa kitu asichokijua.

Wengine hukataa moja kwa moja na kusema gemu zote ni za shetani. Wengine hununua chochote kinachopatikana ili mtoto atulie. Makala hii inakusudia kuonesha njia ya tatu, yaani kuchagua kwa busara, kwa mwanga wa mafundisho ya Kanisa na kwa kuyatazama mazingira yetu jinsi yalivyo.

Mchezo si adui wa imani

Kanisa halifundishi kwamba kucheza ni dhambi. Mwinjili Luka anapotuonesha Yesu akiwa na umri wa miaka 12, anatuonesha kijana anayekua kwa akili, kwa mwili, na katika mahusiano yake na Mungu na watu. Hapo tunapata kipimo cha kwanza cha zawadi yoyote ya kijana wa rika hilo: je, itamsaidia kukua katika mambo hayo, au itamdumaza?

Tunaye pia shahidi wa nyakati zetu. Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akafariki dunia nchini Italia tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na Baba Mtakatifu Leo XIV akamtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alikuwa na PlayStation na aliifurahia. Lakini wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba alijiwekea mpaka wa kucheza saa moja tu kwa juma, ili mchezo usimtawale. Kijana huyu hakuikimbia teknolojia. Aliiweka mahali pake.

Kwa upande mwingine, Kanisa halijawahi kunyamaza kuhusu hatari zake. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwakumbusha wazazi wajibu wao wa kuzuia mambo yanayopingana na imani na maadili yasiingie nyumbani mwao. Naye Papa Benedikto XVI, katika ujumbe wake wa mwaka 2007 kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, alizitaja waziwazi gemu za video. Alikemea zile zinazotukuza ukatili au kudhalilisha tendo la ndoa kwa jina la burudani, na akaonesha kuwa ubaya huo ni mkubwa zaidi pale walengwa wanapokuwa watoto.

Alama za umri zina maana gani?

Watengenezaji wa gemu wanajua kwamba si kila gemu inamfaa kila mtoto. Nchini Marekani, baada ya mjadala mkali wa mwaka 1993 kuhusu gemu za ukatili kama Mortal Kombat, kiliundwa mwaka 1994 chombo cha kupanga gemu kwa umri, kiitwacho ESRB. Katika alama zake, herufi E ni kwa watu wote, T ni kwa wenye miaka 13 na kuendelea, na M ni kwa wenye miaka 17 na kuendelea. Barani Ulaya mfumo wa PEGI ulianza mwaka 2003, nao hutumia tarakimu: 3, 7, 12, 16 na 18. Tarakimu kama hizo ndizo utakazoziona ukifungua duka la programu la Google Play katika simu yako hapa nchini.

Watu wengi hudhani kwamba tarakimu hizo zinaonesha ugumu wa mchezo. Sivyo. Zinaeleza kilichomo: damu, matusi, uchi, dawa za kulevya, vitisho au kamari. Mtoto hodari wa miaka 12 anaweza kabisa kuimudu gemu yenye alama ya 18. Swali ni kama anachokiona humo kinaufaa moyo wake.

Tuchukue mifano. Minecraft, gemu ya kujenga nyumba na miji kwa matofali ya kubuni, ina alama ya PEGI 7. Gemu za mpira wa miguu za EA Sports FC, ambazo zamani ziliitwa FIFA, zina alama ya 3. Grand Theft Auto: San Andreas, inayochezwa sana na vijana wetu kwa sababu nakala zake ni rahisi kupatikana, ina alama ya 18, kwa kuwa mchezaji huishi maisha ya magenge, wizi wa magari na mauaji. Matoleo mengi ya Call of Duty, gemu ya vita, yana alama ya 16 au 18. Msimamizi anayempa kijana wa miaka 13 gemu ya namna hiyo anampa kitu ambacho hata aliyekitengeneza amesema si chake.

Gemu inapofika bila alama

Ugumu wetu ni kwamba mara nyingi alama hizo haziwafikii watoto wetu. Gemu haiji ndani ya kasha lililofungwa dukani. Huja katika kadi ya kumbukumbu iliyojazwa na fundi simu, katika diski iliyonakiliwa na kuandikwa jina kwa kalamu, au hurushwa kutoka simu ya rafiki mmoja hadi nyingine bila kupitia duka lolote. Katika kibanda cha gemu, kijana hulipia mchezo na kukaa mbele ya runinga pamoja na vijana wakubwa kuliko yeye, na mwenye kibanda haulizi umri.

Kwa hiyo mtu mzima analazimika kuifanya kazi ambayo alama ingeifanya. Kabla ya kutoa zawadi, muulize kijana jina kamili la gemu anayoitaka. Litafute katika Google Play au katika tovuti ya PEGI, usome umri na sababu zilizoandikwa. Kama huna simu janja, mwombe mwalimu, katekista au kijana mkubwa unayemwamini akusomee. Kisha kaa na kijana, umwambie akuoneshe mchezo wenyewe kwa dakika 20. Dakika hizo zitakufundisha mengi.

Bunduki za mchezo katika ardhi iliyosikia bunduki za kweli

Hapa kwetu kuna jambo ambalo hakuna alama ya Ulaya wala Marekani inayoweza kulipima. Mwaka 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipitia kipindi cha mauaji ya viongozi wa vijiji na vitongoji, askari na raia wengine. Tarehe 13 Aprili mwaka huo, siku ya Alhamisi Kuu, askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa wilayani Kibiti. Watu waliishi kwa hofu, na wapo waliohama makazi yao. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule ndio vijana wanaokaribia Kipaimara leo.

Tuwe wa haki. Wataalamu hawasemi kwamba kila anayecheza gemu ya kupiga risasi atakuwa mhalifu. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu hizo na uhalifu wa kutumia nguvu, ingawa kiliona uhusiano mdogo kati yake na tabia za ukali, kama vile kufoka na kusukumana. Hivyo tusiwatishe watoto kwa maneno tusiyoweza kuyathibitisha.

Lakini ukatili wa kesho si jambo pekee la kujiuliza. Kuna pia kidonda cha jana. Katika nyumba ambayo baba, babu au jirani hakurudi, mlio wa risasi kutoka kwenye simu si burudani kwa mama aliye jikoni. Na kijana aliyesikia akiwa mdogo kwamba mtu alipigwa risasi usiku anahitaji kwanza mtu wa kuzungumza naye kuhusu kifo kile, kabla ya kufundishwa kuhesabu vifo kama alama za ushindi. Kwa sababu hiyo, ningewasihi wasimamizi katika maeneo yetu wasitoe gemu za mauaji kuwa zawadi ya Kipaimara, hata zile ambazo alama yake ingeruhusu. Roho Mtakatifu anayempokea siku hiyo ni Roho wa amani.

Fedha, wageni na muda

Alama ya umri haimalizi kila kitu. Yako mambo matatu zaidi ya kuyaangalia.

La kwanza ni fedha. Gemu nyingi hutolewa bure, kisha humdai mchezaji alipie silaha, nguo au wachezaji wapya. Nyingine huuza vifurushi vya bahati, ambamo mtu hulipa bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba vifurushi vya namna hiyo ni kamari, vikiwemo vile vya gemu ya mpira ya FIFA, iliyokuwa na alama ya 3. Nchini Tanzania aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Basi tusimzoeshe kijana ladha yake kwa mlango wa nyuma. Usiiache namba ya siri ya akaunti yako ya fedha ya simu mikononi mwa mtoto.

La pili ni wageni. Gemu zinazochezwa kwa intaneti humkutanisha kijana na watu asiowajua, wanaoweza kumwandikia au kuzungumza naye. Kwa umri wa miaka 12 au 13, gemu isiyohitaji intaneti ni salama zaidi, na pia hailambi bando.

La tatu ni muda. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Hapa kwetu kuna majira ambapo wazazi hulala katika madungu wakilinda mpunga, au huondoka na maji usiku kwenda kuvua kamba, huku kijana akibaki nyumbani kwa ajili ya shule. Simu isiyo na mtu wa kuisimamia hugeuka kuwa mlezi. Kabla ya kuitoa, mkubaliane ni nani atakayeitunza saa za usiku: bibi, shangazi au jirani. Family Link, programu ya bure ya Google, humsaidia mzazi kuweka kikomo cha saa na kuzuia gemu zilizozidi umri.

Zawadi isiyoivunja familia

Tusisahau pia uwezo wetu. Familia nyingi za Rufiji na Kibiti zilipoteza mazao na makazi katika mafuriko ya Aprili 2024. Si haki msimamizi kutoa zawadi ambayo mzazi hataweza kuihudumia kwa umeme na bando. Katika vijiji vya delta vinavyotegemea paneli ya jua, kishikwambi chenye gemu chache za mafumbo au za hesabu, kinachotumiwa na watoto wote wa nyumba, wasichana kwa wavulana, kinaweza kufaa kuliko PlayStation. Teknolojia ya namna hiyo imekwisha kujaribiwa hapa nchini: katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kujifunzia kwa Kiswahili, vikachajiwa kwa nguvu ya jua. Programu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa mwaka 2019.

Na kama fedha haitoshi, zipo zawadi zisizohitaji chaji. Mpira wa miguu ni mmojawapo. Ubao wa bao na kete zake 64, mchezo wa pwani yetu unaohitaji akili kali, ni mwingine. Zina faida moja ambayo simu haina: mtoto hawezi kuzicheza ipasavyo peke yake.

Jambo hili linafaa kujadiliwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kabla ya Kipaimara, na pia na majirani zetu Waislamu, kwa kuwa kibandani watoto wetu na wao huketi benchi moja. Wazazi wa mtaa mmoja wakikubaliana, wanaweza kumwendea mwenye kibanda kwa heshima na kumwomba asiwawekee watoto gemu za wakubwa, wala asiwapokee saa za masomo.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaalika wazazi wasiishie kujua mtoto wao yuko wapi kimwili, bali wajue moyo wake uko wapi. Kijana anaweza kuwa sebuleni huku moyo wake uko mbali sana. Kwa hiyo unapompa gemu, mpe pia muda wako: keti naye, cheza naye, kubali akufunge, kisha mzungumze. Mzazi au msimamizi aliyekaa naye namna hiyo ndiye atakayeambiwa kwanza siku kijana atakapokutana na jambo linalomtisha ndani ya simu ile.