Kichwa kisichopona: tone la damu laweza kumwokoa mzazi

Baba amerudi kutoka Mwaloni Kirumba analalamika kichwa. Mama anampa dawa ya maumivu. Kesho yake bado kinauma. Anapimwa malaria, hana. Wiki ya pili mwanga unamuumiza macho, anatapika, anaongea yasiyoeleweka. Majirani wananong'ona kuwa amerogwa.

Kwa anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka sana, hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokokasi. Hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, imepokea wagonjwa wa aina hii kwa miaka mingi. Wengi hufika wamechelewa.

Fangasi huyu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, nasi humvuta kwa hewa. Haambukizi mtu kwa mtu, hivyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani.

Habari njema ni kwamba dalili za fangasi huyu huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Kipimo chake huitwa CrAg. Hutumia damu kidogo na kijiti kinachofanana na cha kupimia ujauzito. Majibu hutoka ndani ya dakika 10. Shirika la Afya Duniani linashauri wapimwe watu wazima na vijana wenye VVU ambao CD4 zao ziko chini ya 100, na ikiwezekana hata chini ya 200.

Akikutwa naye, daktari huomba kupima maji ya uti wa mgongo. Baadhi ya familia hukataa, zikidhani sindano hiyo ndiyo inayoua. Sivyo. Huonyesha kama fangasi amefika kwenye ubongo, na kupunguza maji hayo hutuliza kichwa. Kama hajafika, mgonjwa hupewa vidonge vya flukonazoli.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, uliunganisha kipimo hiki na wahudumu wa kawaida waliowatembelea wagonjwa nyumbani wiki za mwanzo za ARV. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Kwa hiyo mzazi, ukianza ARV au ukirudi baada ya kuziacha, uliza kliniki: "CD4 zangu ni ngapi? Nimepimwa CrAg?" Na kichwa kikiuma siku kadhaa mfululizo, usisubiri. Nenda hospitali, na umwambie daktari ukweli wote kuhusu dawa zako.