Kilomita 130 Angani, Saa Nyingi kwa Mgonjwa

Ukipima kwa rula kwenye ramani ya Kenya, Loiyangalani na Lodwar si mbali. Miji hii ya kaskazini imetenganishwa na Ziwa Turkana, na umbali wa angani kati yake ni takriban kilomita 130. Kwa hakika, Lodwar iko karibu na Loiyangalani kuliko Marsabit, makao makuu ya kaunti yao, ambayo ni kilomita 150 hivi. Ndege ndogo inaweza kuvuka ziwa kwa nusu saa.

Lakini je, ndege yenyewe iko wapi? Ndege nyingi za wagonjwa, zikiwemo za AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, hutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kutoka huko hadi Loiyangalani ni takriban kilomita 450. Hivyo, kabla mgonjwa hajavushwa kilomita 130, ndege husafiri zaidi ya mara tatu ya umbali huo. Ongeza muda wa kupiga simu na kuwatayarisha rubani na muuguzi. Ongeza pia upepo mkali wa ziwani. Usiku ukiingia, kiwanja kisicho na taa hakifai.

Sasa mfikirie mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Asipotibiwa, anaweza kufariki kwa saa mbili. Ndege ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kuwa tiba ya kwanza.

Tiba hiyo ianze papo hapo zahanatini. Mhudumu humchoma mama sindano ya oksitosini, husugua tumbo lake chini ya kitovu mpaka mji wa mimba ukaze, humsaidia akojoe, na kumweka mtoto titini. Oksitosini huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Katika joto la kaskazini, jokofu lililozimika huipunguzia dawa hiyo nguvu.

Aidha, safari ya angani ina masharti yake. Hewa ndani ya ndege yaweza kuwa kama ya mlima wa futi 8,000, yenye oksijeni kidogo. Aliyepoteza damu huumia zaidi, na ndiyo sababu huwekewa maji ya mshipa na kupewa oksijeni.

Ndugu msomaji, ikiwa mkeo au bintiyo ana mimba ya mapacha, amewahi kupasuliwa, au alivuja damu uzazi uliopita, asingoje uchungu umshike nyumbani. Mshauriane na muuguzi mapema ili ahamie karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Wekeni akiba ya nauli na mjue ni jamaa gani watakaotoa damu.

Kwa mama aliyelala karibu na chumba cha upasuaji, umbali wa Nairobi si kitu. Kwa aliyesalia nyumbani, hata kilomita 130 ni nyingi mno.