Ghala ni la Nani? Biblia, Maandalio na Urithi wa Nyumba Zetu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulisoma mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25, tukaona kwamba wale watano wenye busara hawakuwa wachoyo walipokataa kugawa mafuta yao: kuna maandalio ambayo hayaazimwi usiku wa manane. Leo tunasogea kwenye swali lililo gumu zaidi. Mtu akisha kuweka akiba, ghala liko mikononi mwa nani? Na siku atakapoondoka, litakuwa la nani? Sisi wa Lubumbashi tuna sababu ya pekee ya kulipima swali hili, maana mji wetu umeonja miaka ya shibe na miaka ya njaa, na wazee waliopitia yote mawili tungali nao.

Moja ya tano

Habari ya Yusufu katika Mwanzo 41 inajulikana hata na watoto wa katekisimu. Farao anaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusufu anaifasiri ndoto, kisha anaongeza jambo ambalo hakuulizwa: mpango. Kila mwaka wa shibe itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno, na kila mji utunze nafaka ya mashamba yanayouzunguka.

Mpango huo una nguzo mbili. Ya kwanza ni kipimo. Anayesema ataweka kitakachobaki, aghalabu habakiwi na kitu. Yusufu alitenga kwanza, watu wakala kilichobaki. Ya pili ni wakati. Kazi ilifanywa ghala zilipokuwa hazina maana machoni pa watu, mashamba yakiwa yamejaa na hakuna aliyekuwa akiwaza njaa.

Kwetu somo hili lina majira yake. Mahindi yanayopandwa mvua zikisha kukaa sawa mwezi wa kumi na moja huvunwa mwezi wa nne na wa tano. Wakati huo gunia hupatikana kwa bei ya kuvumilika. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu bei hupanda, na masikio yote huelekea Kasumbalesa kusikia kama malori ya unga kutoka Zambia yamevuka mpaka. Mama anayenunua magunia mawili mwezi wa tano, akayaanika tena juani siku kadhaa, akayapanga juu ya mbao yasiguse sakafu yenye unyevu, ameielewa Mwanzo 41 kuliko wengi wetu tunaoihubiri.

Sura tunayoiruka

Lakini habari haiishii hapo. Fungueni Mwanzo 47, kuanzia mstari wa 13. Njaa ilipozidi, Wamisri walimwendea Yusufu kununua nafaka. Fedha zikaisha. Wakaleta farasi, kondoo, ng'ombe na punda. Mifugo nayo ikaisha. Mwisho wakatoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao, na tangu siku hiyo wakawekewa sheria ya kumtolea moja ya tano ya mavuno. Nafaka iliyotoka katika mashamba yao wenyewe iliwarudia kwa bei ya uhuru wao. Yusufu aliokoa maisha yao, nao walimshukuru kwa hilo. Hata hivyo Maandiko hayafichi kitu: walipona, ila ghala halikuwa lao.

Msomaji wa Lubumbashi ataitambua habari hii. Kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa na mji ukaanza, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa. Kadiri miaka ilivyoenda, kampuni ilijenga utaratibu wa kumlea mfanyakazi tangu utoto hadi uzee: nyumba kambini, posho ya unga, hospitali ya uzazi, shule ya watoto. Serikali ilipotaifisha migodi mwaka 1967, shirika tunaloliita Gécamines lilirithi utaratibu huo. Katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa likitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka, na baba aliyekuwa na kazi pale alihesabiwa kuwa amefika.

Kisha ng'ombe waliokonda wakaja. Fedha za shaba zilikuwa zimetumiwa kwa mambo mengine, mitambo haikukarabatiwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto karibu na Kolwezi ukaporomoka. Zikafuata fujo za 1991 na mifarakano ya kikabila iliyowafukuza mafundi wengi. Mwaka 1994 shaba ya Gécamines haikufika hata tani 50,000. Posho ikakatika, mishahara ikalimbikizwa bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi cha mkupuo ili waondoke, katika mpango ulioitwa Départs Volontaires. Nyumba nyingi zilipokea pesa hiyo madeni, ada za shule na magonjwa vikiwa tayari vinangoja mlangoni.

Si haki kuwalaumu wazee wetu. Walifanya kazi, wengi kwa ufundi wa hali ya juu, na waliahidiwa kwamba ghala lingekuwapo siku zote. Lakini ahadi ilikuwa mikononi mwa mwingine. Walioweza kusimama mapema baada ya posho kukatika mara nyingi walikuwa wale ambao nyumbani mwao palikuwa na kitu kingine: mama aliyekwisha kuzoea biashara ya sokoni, shamba lililolimwa nje ya mji, likelemba ya majirani, yaani mchango wa zamu, iliyozunguka bila kuchelewa. Ghala hizo zilikuwa ndogo, ila funguo zake zilikuwa mikononi mwa wenye nyumba.

Tajiri aliyezungumza peke yake

Kuna atakayesema kwamba Yesu mwenyewe alimkaripia mwenye maghala. Tusome Luka 12 kwa makini. Mtu mmoja katika umati alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Kwa hiyo mfano wa tajiri mpumbavu ulizaliwa katika ugomvi wa mirathi. Yesu akakataa kuwa mgawanyi, akasimulia juu ya mtu ambaye shamba lake lilizaa sana, akaamua kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi.

Angalieni nani wamo katika mfano huo. Hayumo mke, hayumo mtoto, hayumo kibarua wala jirani. Tajiri anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anaipongeza nafsi yake. Usiku huohuo Mungu anamwuliza swali moja: vitu ulivyoweka akiba vitakuwa vya nani? Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwahi kuzungumza na mtu mwingine juu yake. Upumbavu wake haukuwa kuweka akiba, maana Yusufu naye aliweka. Yeye alijiwekea mwenyewe, kwa siri, kana kwamba hatakufa.

Swali hilohilo ndilo linaloulizwa katika malupango yetu, yaani viwanja vya nyumba zetu, kilio kinapokwisha. Jamaa wameketi kwenye viti vya kukodi, baba mkubwa amefika kutoka kijijini, sanduku la marehemu linatolewa chini ya kitanda na kufunguliwa mbele ya watu. Ndani yake mna risiti za umeme za miaka mingi, picha ya siku ya kustaafu, ripoti za shule za watoto, na karatasi ya kuuziana lupango yenye jina la mtu aliyekwisha kufa zamani. Hati ya kiwanja haimo. Cheti cha ndoa hakimo. Mjane anaulizwa maswali ambayo mume wake alipaswa kuyajibu akiwa hai. Ugomvi utakaofuata mara nyingi huitwa ugomvi wa tamaa, na tamaa imo kweli. Lakini kimya cha marehemu ndicho kilichoifungulia mlango.

Mtungi wa Yeremia

Dhidi ya kimya hicho Biblia imetupa mfano ulio wazi kabisa, nao ni Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi. Hanameli, mwana wa baba yake mdogo, anamjia na kumwomba anunue shamba la Anathothi. Yeremia anapima fedha, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Nakala ni mbili, moja imetiwa muhuri na moja iko wazi. Kisha mbele ya wote anamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Nchi ilikuwa karibu kutekwa, na kwa hesabu ya sokoni shamba lile halikuwa na thamani. Yeremia alinunua kwa sababu Mungu alimwambia kwamba nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Imani yake ilionekana katika karatasi, mashahidi na mtungi. Tumezoea kudhani kwamba mambo ya ofisini ni ya dunia na maombi ndiyo ya roho. Nabii aliyefanya yote mawili siku moja anatukosoa.

Nasi tuna mitungi yetu. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ndoa iandikishwe kwa ofisa wa serikali, hata ikiwa ilifungwa kimila. Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Wosia unaweza kufanywa mbele ya notari au ofisa wa hali ya raia. Unaweza pia kuandikwa nyumbani, mradi mwenyewe auandike wote kwa mkono wake, autie tarehe na sahihi. Kalamu na karatasi vinatosha kuanza.

Sheria hiyohiyo imepanga warithi. Watoto hupata robo tatu ya urithi na kugawana sawa, wa kike na wa kiume, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu wa marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokuwa wakiishi na vyombo vyake. Wajomba, mashangazi na ndugu za baba wako katika daraja la tatu, nyuma ya hao wote.

Hapa mila zetu hugongana. Kwa Walamba, Wabemba na Wasanga, ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ana neno kubwa katika mali ya mjomba wake. Kwa Waluba ukoo hufuata baba. Mjini tumeoana, na lupango moja hubeba mila mbili au tatu. Biblia inaijua hali hii. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai fungu la baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa hakuwanyamazisha kwa jina la desturi. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na jibu likawa kwamba mabinti wamesema haki. Mzee anayeheshimu ukoo wake ana nafasi ya kuuheshimu akiwa hai: awaite wakubwa wa pande zote mbili, awaambie ameamua nini, wasikie kutoka kinywani mwake.

Ghala la nchi

Swali la ghala linafika hadi serikalini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa maeneo ya chini ambako mgodi uko, na 10 kwa Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo, FOMIN. Fungu hilo la mwisho ni ghala la Yusufu lililoandikwa katika sheria, kwa maana shaba haioti tena ikichimbwa. Leo Kongo ni miongoni mwa nchi zinazotoa shaba nyingi kuliko zote duniani, hivyo hii ndiyo miaka ya ng'ombe wanono. Mwanzo 47 inatuonya tusiridhike kwamba ghala lipo. Tuulize waziwazi, makanisani, vyuoni na katika mabaraza ya mitaa: limewekwa kiasi gani, nani anashika funguo, na watoto wa Kipushi na Ruashi watalifikiaje?

Lakini mtu hawezi kuidai serikali hesabu ambayo yeye mwenyewe ameinyima nyumba yake. Mithali 13:22 inamsifu mtu mwema anayewaachia urithi wana wa wana wake, na urithi huo hauwafikii ikiwa mjukuu hajui upo wapi na shangazi hajui ni wa nani. Kwa hiyo kabla ya Jumapili ijayo, baba na mama wakae mezani pamoja. Waorodheshe walivyo navyo na wanavyodaiwa. Watazame hati ya lupango ina jina la nani, ndoa yao imeandikishwa wapi, kila mtoto ana cheti au hana. Kinachokosekana waanze kukitafuta wiki hii kwenye ofisi ya komini. Kisha wawaite watoto wakubwa na shahidi mmoja wanayemwamini, wawaonyeshe nakala zilipo.

Wiki ijayo tutasoma 1 Mambo ya Nyakati 28 na 29, namna Daudi alivyomkabidhi Sulemani kazi ambayo yeye hakuruhusiwa kuimaliza, na tutauliza fundi, mwalimu na mfanyabiashara wa Lubumbashi anamwandaa nani kushika kazi yake.

Itaendelea.