Ngoma za saa mbili usiku: Kwa nini vibwagizo vya habari havisahauliki

KUTOKA Kabanga, wilayani Ngara, hadi Kobero upande wa Burundi ni mwendo mfupi tu, lakini saa za pande hizo mbili hazilingani. Inapotimia saa 2:00 usiku Kabanga, ng'ambo ya mpaka ni saa 1:00 usiku.

Katika miaka ambayo saa ya mkononi ilikuwa mali ya wachache, mkazi wa mpakani hakuhitaji kuuliza anaishi kwa saa ya nchi gani. Redio ilimweleza. Ilipotimia saa mbili usiku zilisikika ngoma za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na mara baada ya ngoma hizo msomaji alianza taarifa ya habari.

Mpigaji wa ngoma hizo alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona aliyesifika kwa uwezo wa kupiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Wapo Watanzania waliozisikia kila siku tangu utotoni bila kulijua jina lake, lakini wakigongewa mezani mdundo ule leo watautambua mara moja.

Hali hiyo si ya Tanzania pekee. Siku hizi watu wa nchi nyingi huingia katika mtandao wa YouTube kutafuta vipande vya ufunguzi wa taarifa za habari za miaka ya 1970, 1980 na 1990. Hutazama dunia inayozunguka, saa inayohesabu sekunde, meza ya msomaji na pazia lililo nyuma yake, kisha huurudia muziki mara mbili au tatu. Habari zenyewe zilikwisha kupitwa na wakati zamani. Kinachotafutwa ni ule mlango wa kuingilia katika habari.

Je, kwa nini sekunde chache za ngoma au tarumbeta zikae kichwani kwa miaka arobaini, ilhali habari zilizozifuata zimesahauliwa?

Kazi kabla ya pambo

Jibu la kwanza ni kwamba kibwagizo cha habari hakikubuniwa ili kiwe pambo. Kilikuwa chombo cha kazi.

Mawimbi ya redio ya masafa ya kati na masafa mafupi husafiri mbali zaidi nyakati za usiku. Kutokana na hali hiyo, msikilizaji aliyezungusha kitufe cha redio yake baada ya jua kutua alikutana na vituo vingi vilivyosongamana, vingine vikizama na kuibuka. Kila kituo kilihitaji sauti ya kujitambulisha kabla mtangazaji hajasema neno.

Ngoma iliifaa kazi hiyo. Mapigo mafupi na makali hupenya katika kelele na mikwaruzo ambayo huumeza muziki laini. Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) nalo lilitumia kwa miongo mingi muziki wa zamani wa gwaride uitwao Lilliburlero katika matangazo yake ya kimataifa, na hivyo msikilizaji aliyekuwa mbali na London alijua amefika alikokuwa akienda. Idhaa ya Kiswahili ya shirika hilo ilianza kurusha matangazo Juni 27, 1957.

Jibu la pili ni kurudiwa. RTD, iliyotokana na kituo kilichoanza jijini Dar es Salaam mwaka 1951 na kupewa jina hilo mwaka 1965, ilikuwa redio ya taifa zima, na kwa miongo kadhaa Tanzania Bara haikuwa na kituo kingine cha kushindana nacho. Mtoto aliyezaliwa Ngara na aliyezaliwa Lindi walisikia ngoma zilezile, saa ileile, usiku baada ya usiku. Huenda betri za National zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kufika mwisho wa taarifa.

Jibu la tatu ni uzito wa kile kilichofuata. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi ya Tanzania Oktoba 1978, vita viliingia katika mkoa huu huu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Novemba 2, 1978, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa uamuzi wa kupigana. Katika miezi iliyofuata, mtu aliyekuwa na ndugu vitani hakuzisikia ngoma za habari kama muziki. Zilikuwa ni onyo la kunyamaza na kusikiliza.

Televisheni ilichelewa

Katika suala la picha, Kabanga ina historia ya pekee. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwaka 1973, tena kwa picha za rangi wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na rangi katika runinga. Burundi ilianza mwaka 1984 na Rwanda mwaka 1992.

Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa ni anasa ya mijini ambayo ingeongeza pengo kati ya mkazi wa mji na mkulima. Kwa hiyo, katika muongo uliotangulia mwaka huo, mtu aliyesimama mpakani Kabanga alikuwa akiitazama nchi jirani iliyokuwa na televisheni, huku jiji la Dar es Salaam likiwa halina.

Mwaka huohuo wa 1994 wilaya ya Ngara yenyewe ikawa habari. Kati ya Aprili 28 na 29, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 waliikimbia Rwanda na kuvuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa 24. Kambi ya Benaco ikageuka mji kwa siku chache.

Wapigapicha wa mashirika makubwa ya dunia walifika, na picha za Ngara zikatokea katika runinga za Ulaya na Marekani zikitanguliwa na muziki na michoro ya vituo hivyo. Wananchi wa Ngara waliokuwa wakigawana maji na kuni na wageni hao hawakuziona. Wao waliendelea kusikiliza redio, na mwaka uliofuata wilaya ikapata kituo chake, Radio Kwizera, kilichoanzishwa na shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi.

Meza, pazia na dunia inayozunguka

Televisheni ilipoanza kuwafikia watu walioishi mbali na miji mikubwa, ilikuja kwa dishi la setilaiti, jenereta au betri ya gari, na mara nyingi katika banda la video ambako watu walilipa kiingilio kutazama mpira. Hapo ndipo vilipoanza kujengeka vitu ambavyo leo watazamaji wa rika hilo huvikumbuka: sura ya studio, rangi za nyuma ya msomaji na maandishi yaliyopita chini ya kioo.

Mambo hayo yalikuwa na sababu zake za kiufundi. Meza pana ilificha nyaya na karatasi. Pazia au ukuta wa rangi moja ulirahisisha kazi ya taa. Wakati mwingine rangi hiyo ilikuwa ya bluu iliyokolea, kwa kuwa mitambo iliweza kuiondoa na kuweka picha nyingine mahali pake. Nguo yenye mistari myembamba iliepukwa kwa sababu ilimetameta vibaya katika kamera za wakati huo.

Michoro ya ufunguzi nayo ilikuwa ghali. Kabla ya kompyuta za studio kuenea katika miaka ya 1980, majina na ramani zilichorwa kwa mkono juu ya kadi na kupigwa picha. Hata kompyuta zilipokuja, sekunde chache za dunia inayozunguka zilihitaji saa nyingi za kazi. Kituo kilichokwisha kugharamia ufunguzi mmoja kiliutumia kwa miaka, na mtazamaji akauzoea kama anavyoizoea sura ya jirani.

Vituo vikubwa viliutambua uzito wa jambo hilo. Kipindi cha News at Ten cha Uingereza kilipoanza Julai 1967 kilichukua mlio wa kengele ya Big Ben. Mwaka 1985 kituo cha NBC cha Marekani kilimpa kazi ya kukitungia muziki wa habari John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu za Star Wars. Mwaka 1999 BBC ilianza kutumia muziki wa David Lowe, uliojengwa juu ya vile vipigo vya saa vya redio ambavyo Waingereza walivizoea tangu mwaka 1924.

Muhuri, si hati

Hata hivyo, kumbukumbu tamu zisimfanye mtu asahau upande wa pili. Kibwagizo kilimweleza msikilizaji ni nani anayezungumza. Hakikumhakikishia kwamba anayezungumza anasema kweli.

Wakazi wa Ngara wanalijua hilo kuliko wengi. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, hivyo msikilizaji wa huku aliweza kuelewa Kigali na Bujumbura bila mkalimani. Kituo cha RTLM cha Rwanda, kilichoanza Julai 1993, kiliwavuta watu kwa muziki wa kupendeza na mazungumzo ya kirafiki, kisha kikachochea mauaji. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza.

Lakini hata katika kesi ya namna hiyo utambulisho ulikuwa na faida. Kituo kilikuwa na jina, wenyewe walijulikana, na maneno yaliyorekodiwa yaliweza kupelekwa mbele ya majaji.

Mambo yalibadilika habari zilipohamia katika simu. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi nchini Burundi, vituo binafsi vya redio vilishambuliwa na kufungwa, kikiwamo cha RPA. Vibwagizo vilivyozoeleka vilinyamaza karibu kwa mpigo mmoja, huku maelfu ya Warundi wakikimbilia Tanzania. Baadhi ya waandishi waliendelea na kazi kwa kusambaza taarifa kupitia mitandao ya kijamii. Ilikuwa ni kazi ya ushujaa, lakini njia hiyohiyo ya simu ilikuwa wazi pia kwa mtu yeyote mwenye uvumi wake.

Leo mkazi wa Kabanga hupokea kipande cha sauti au picha ambacho hakina mwanzo wala mwisho. Kikiwa na nembo ya kituo cha televisheni, nembo hiyo yaweza kuwa imebandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Michoro ambayo zamani ilihitaji mitambo ya gharama kubwa sasa hughushiwa kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo, anayezikumbuka ngoma za saa mbili hakumbuki ujana wake tu. Anakumbuka wakati ambapo habari haikumfikia kabla ya mwenyewe kubisha hodi.

Nani anatunza?

Kuna hatari nyingine, nayo ni kupotea kwa kumbukumbu zenyewe. Kanda za picha zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilizifuta ili kuzitumia tena. BBC ilipoteza sehemu kubwa ya matangazo yake ya studio kuhusu safari ya mwezini ya Apollo 11 ya mwaka 1969. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikiri mwaka 2009 kwamba kanda zake halisi za matangazo ya safari hiyo huenda zilifutwa na kutumiwa upya.

Kama tukio la ukubwa huo lingeweza kufutwa, vibwagizo na michoro ya ufunguzi viko hatarini zaidi, kwa kuwa havikuhesabiwa kuwa ni vipindi. Anayehifadhi hotuba ya rais huikata pale rais anapoanza kusema. Ngoma, jina la kituo na sauti ya msomaji hubaki nje. Ndiyo maana vipande vingi vinavyoonekana mtandaoni vimetoka katika kanda za VHS za majumbani, zilizorekodiwa na mtu aliyekuwa akisubiri mpira au tamthilia.

Kwa Tanzania, kazi hiyo haiwezi kuachiwa kaseti za watu binafsi. RTD iliingizwa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), ambayo nayo ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lililoundwa mwaka 2007. Kila jina linapobadilika, kuna makabati yanayohamishwa na kanda zinazoweza kubaki nyuma. Kurekodi upya kanda za zamani katika mfumo wa kidijitali kunapaswa kujumuisha taarifa nzima ya habari, kuanzia pigo la kwanza la ngoma hadi msomaji anapoaga.

Aidha, vituo vya sasa vina la kujifunza kutoka katika zoezi hilo. Kipande kinachotumwa katika simu kikibeba mlio wake wa utambulisho, tarehe na jina la msomaji, mpokeaji atapata walau pa kuanzia kukihakiki. Na mpokeaji naye, kabla hajakituma mbele, anaweza kuuliza swali ambalo ngoma za Mzee Morris zilikuwa zikilijibu kila usiku bila kuulizwa: hii ni sauti ya nani, na imetoka wapi?